Fundi Kushoto

Tangu siku alipokata mikono miwili ya kushoto ya gauni la bibi harusi, mtaa mzima ulimwita Fundi Kushoto, naye akaitika. Angefanyaje, na mdomo wa mtaa haushonwi? Sasa mama wa yule bibi harusi alikuwa amesimama mbele ya meza yake na kitambaa kipya, cha binti wa pili.

Fundi alikunja kitambaa pande za nje zikitazamana, kama alivyojifunza kwa machozi, ili mkasi utoe mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Akakikunjua. Akakikunja tena, akapima mara ya nne.

"Mwanangu, hicho kitambaa hakiumi," mama alisema.

Uzalendo ukamshinda Fundi, akauliza. "Mama, mafundi wamejaa tele hapa. Kwa nini umerudi kwangu?"

"Wenzako wakiharibu huzima simu. Wewe siku ile ulikuja mwenyewe hadi mlangoni kwangu, unatetemeka, umeishika ile mikono ya gauni."

Fundi akaukagua mkunjo mara ya tano, vidole vikitetemeka vilevile, kisha akakata.