Samaki wa Kupigwa Picha

Juzi, kwenye duka la vifaa vya uvuvi Azaiba, hapa Maskati, nilimkuta mzee wa Kizanzibari akichagua fimbo ya kuvulia, mkewe kasimama kando. Mtoto wao anaishi Kanada, na kawaalika waende mwanzo wa kiangazi wakavue ziwani. Simu ilikuwa juu ya kaunta, sauti ya kijana ikisikika mpaka mlangoni.

"Baba, huku kuna samaki ana meno kama msumeno, mrefu kama meza ya kulia."

"Alhamdulillah. Mama yako keshamfungia bizari yake."

"La, baba, huyo haliwi. Tunamvuta, tunampiga picha, tunamrejesha ziwani."

Mzee akaiweka fimbo chini taratibu. "Kakosa nini?"

Mkewe hakuinua hata macho. "Washangaa nini? Si ndivyo anavyotufanya sisi kila mwaka? Anatuvuta, anatupiga picha, anaturejesha Maskati."

Mzee akakohoa kidogo, kisha akaichukua tena fimbo ile ile.

Mimi nilijifanya nasoma pakiti ya ndoana. Mama yangu anakaa Darsait, robo saa kwa gari kutoka kwangu. Picha zake nnazo nyingi kuliko chai nilizokunywa kwake.