Birika la Ghorofa Mbili

Jumamosi, tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri, na mpaka mchana ilikuwa bado inadondoka kwenye mabati, ile mvua nyembamba isiyo na hasira. Milima ya Kongo haionekani kabisa.

Mwanangu amekuja kukaa karibu nami na simu yake mkononi. Anataka kununua mashine ya kutengenezea kahawa nyumbani, akanionyesha picha. Moja inasaga yenyewe, nyingine ni ya kioo, nyingine ina kitu cha kubonyeza juu. "Mama, we unaona nichukue gani?" Nimecheka. Mimi niliyeishia darasa la sita ndiye wa kuulizwa mambo ya mashine? Lakini swali hilo liliwahi kuitikisa nyumba yetu nilipokuwa mtoto, likaleta machozi na vicheko. Nitaliandika kama ninavyolikumbuka, rafiki yangu, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Nilikulia Bwiza, mtaa wa hapa mjini, kwa Bibi, mama mzazi wa baba yangu. Nyumba yake ilikuwa na baraza ya saruji inayotazama barabara, na kila siku baada ya sala ya alasiri Bibi alitengeneza kahawa. Buni alizikaanga kwenye kikaango kilichokatwa kutoka pipa la mafuta, juu ya jiko la makaa, lile tunaloliita mbabura. Moshi wake ulitoka uani ukawaita watu kabla hawajaitwa. Kisha ukasikia kinu: tu, tu, tu. Halafu tangawizi, na iliki kidogo ikipatikana, yote ndani ya birika la bati lililokuwa jeusi kuliko chungu. Walikuja majirani: fundi makanika ambaye mikono yake sikuwahi kuiona safi, na karani mmoja wa serikali, Mkatoliki, aliyekunja suruali yake kwa uangalifu kabla ya kukaa. Na wengine, waliopita tu wakavutwa na harufu.

Ilikuwa miaka ya vita, tena katikati yake ikaja embargo, nchi jirani zikafunga mipaka. Sukari ikaadimika, petroli ikaadimika. Usiku tulisikia milio kutoka upande wa milimani. Watu waliozoea kusalimiana walianza kupita upande wa pili wa barabara. Barazani kwa Bibi bado walikaa pamoja, Waislamu na Wakristo, wa kabila hili na lile, mpaka jua lilipoinama na kila mtu akakimbilia kwake kabla ya saa ya kufungwa mji. Mimi sikujua kuwa hilo ni jambo kubwa. Nilidhani ni kahawa tu.

Wakati huo ndipo baba mdogo, mtoto wa mwisho wa Bibi, alipomleta mke kutoka Ruziba, kule kusini kando ya ziwa. Bibi hakuitaka ndoa ile. Nisimwonee, nitaje sababu yake: alikuwa amemchagulia mwanawe msichana wa mtaani kwetu, na alikuwa ameshalitamka mbele za watu. Na mama mdogo, ndivyo nilivyomwita mke huyo, nisimwonee pia: hakuwa mkaidi wala mvivu. Alikuwa na woga, na mtu mwenye woga hufanya kazi haraka haraka ili aonekane.

Siku moja Bibi alikwenda msibani. Mama mdogo akaona amfurahishe kwa mchuzi wa kwao. Akachukua ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, akatafuta pa kuwatwanga. Uani palikuwa na vinu viwili, kikubwa cha kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, na kidogo kando yake. Samaki walikuwa kiganja kimoja. Akachukua kidogo, kama ambavyo mimi au wewe tungefanya. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kile kidogo hakikuguswa na kitu kingine ila kahawa tangu Bibi alipoolewa. Sisi wote tulijua, na ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kusema.

Kesho yake alasiri kahawa ikamiminwa kama kawaida. Fundi makanika akapiga funda moja, akakitazama kikombe.

"Bibi, hii kahawa imetoka mulimani ama imevuliwa?"

"Yangu bado inaogelea," karani akasema, kwa adabu kabisa.

Baraza nzima ikacheka. Bibi hakucheka. Alikwenda uani, akainama, akakinusa kinu. "Nani ametia samaki mu kinu yangu?"

Mama mdogo akapiga magoti palepale. "Ni mi, mama. Sikujua."

"Kwenu hamuna kahawa?"

"Iko, mama. Mulima yote juu yetu ni kahawa. Lakini ni ya kuuza. Mi sijawai kuinywa."

Ningependa kuandika kwamba Bibi alipiga kelele, maana kelele zingekwisha. Alikiosha kinu kwa maji ya moto, kwa majivu, kwa ndimu, akakianika juani. Samaki hakutoka. Mwishowe akakipindua nyuma ya mlango, na kahawa ikakoma.

Rafiki yangu, zile alasiri sizitamani tena. Watu walipita, wakasalimia, wakaitazama baraza tupu, wakaendelea na safari. Karani alisimama siku moja kwa kitambo kirefu kama aliyesahau kitu, kisha akaenda. Na usiku mmoja, nyuma ya pazia, nilimsikia mama mdogo akimwambia mumewe kwamba atarudi Ruziba, kuwe na risasi au kusiwe na risasi. "Nimefunga nyumba ya mama yako," alisema. "Nitakaa humu namna gani?" Asubuhi nikaona amekwishafunga nguo zake ndani ya kitenge.

Baba mdogo akamwomba Bibi jambo moja tu: waende soko kuu, yeye na mkwewe, wakachague vyombo vipya. Bibi alikubali, nadhani kwa sababu hakutaka msichana achague peke yake. Mimi nilibeba kikapu.

Soko kuu lilikuwa bado halijaungua. Kwa wauza vinu mama mdogo alichagua kimoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akaingiza pua ndani. "Mama, hii ni nzito, tena haina harufu." Bibi hakugeuka. Macho yake yalikuwa yamekwama kwa muuza vitu vilivyotumika, vile walivyoacha Wazungu waliohama. Katikati ya pasi na saa za ukutani lilisimama birika la alumini la ghorofa mbili, limebanwa kiunoni, linang'aa.

"Mama mukubwa, hiyo ni ya Italia," muuzaji akasema. "Maji chini, kahawa katikati, inapanda yenyewe mpaka juu. Unga unanunua tayari mu duka. Kinu apana, chujio apana."

"Kinu apana?" Bibi akarudia. Nafikiri ndilo neno lililomshika.

Mama mdogo akasema kwa sauti ndogo, "Lakini mama, mukono wake ni plastiki. Na sisi tunapikia makaa."

"We umeanza lini kujua vyombo vya kahawa?"

Tukarudi na birika na pakiti ya unga wa kahawa. Dada yangu anasema lilikuwa na kifuniko chekundu. Mimi nakumbuka cheusi. Tuliache.

Habari ilitutangulia mtaani. Alasiri ile baraza ilijaa kama siku ya Idi. Bibi alivaa kanga mpya na kuwasha mbabura kwa moto wa kupikia maharage, akaliweka birika katikati ya makaa. Likaanza kunguruma kama paka anayekunwa. Shingo zote zikainama. Harufu ya kahawa ikatoka, nzuri kweli, siwezi kulinyima haki yake. Kisha ikatoka nyingine. Mpini ukaanza kulegea taratibu kama mzee anayetafuta pa kukaa, ukadondokea makaani, moshi mweusi ukapanda.

Fundi makanika akajikuna kichwa. "Mi nauliza tu, Bibi. Tunakunywa kahawa ama tunakunywa tairi?"

Hakuna aliyecheka. Wote walimtazama Bibi, halafu wakamtazama mama mdogo, mtu pekee aliyekuwa na haki ya kusema neno. Hakulisema. Alikunja pindo la kitenge chake, akaliepua birika motoni, akamimina, akamkabidhi Bibi kikombe cha kwanza kwa mikono miwili.

Bibi akanywa. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, na huenda kidogo alilia, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko, kicheko cha kukohoa kisichotaka kuisha.

"Bon, haya," akasema alipopata pumzi. "We ulitia samaki. Mi nimetia plastiki. Sasa nani atamuchapa mwenzake?"

"Hakuna, mama."

"Ile kinu ulinusa, ukiiona utaijua?"

"Nitaijua."

"Basi kesho turudi mu soko, utachagua we. Na nguo zako ufungue, zitaoza mu kitenge."

Baraza ikapasuka kwa vicheko mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakaja kuuliza kuna nini. Wakapewa nao kahawa ya plastiki, wakainywa.

Kinu kile kikaja, na mama mdogo akafundishwa kukaanga: usikimbize moto, sikiliza buni zinavyolia, ziondoe kabla hujaamini kuwa zimeiva. Mwanzoni aliunguza. Baadaye kahawa yake ikawa nzuri kuliko ya Bibi, ingawa wapo waliolikataa hilo mpaka mwisho, na sina haki ya kuwakatalia. Bibi alipokuwa mgonjwa wa kitandani, sisi wajukuu wa damu tulimpelekea kahawa, akaonja, akasukuma kikombe. "Muite mutoto wangu," alisema. Sote tulijua anamtaka nani.

Baraza haipo sasa. Palepale wameinua ukuta na kibanda cha kuuzia simu. Karani alivuka mpaka katika miaka ile na sijui kama alifika. Fundi makanika tulimzika. Siku hizi kila mtu anakunywa chake ndani kwake, mlango umefungwa, na sisemi ni vibaya. Amani imetupa milango ya kufunga. Lakini sijasikia tena kicheko cha watu wa namna mbalimbali wakinywa pamoja kitu kibaya kwa ajili ya kumpenda mwenye nyumba.

Mwanangu bado anatazama picha zake. Mvua imekatika saa ya magharibi. Jioni tumekula ndizi za kupika na maharage ya mawese. Amepika mama mdogo, na hakukubali mtu yeyote amsaidie.