Maombi Yangu ya Jumatatu

Bado nakisikia kile kikohozi. Si cha mtu mmoja, ni cha akina mama kama arobaini kwa mpigo, "Kh-khm!", ndani ya kanisa la mabati huko Kabuchai, mchana kweupe, na aliyewafundisha kukohoa hivyo ni mimi. Sasa hivi nacheka nikikumbuka, lakini siku hiyo, jamani, ningepata shimo lolote, hata la fuko, ningeingia na viatu vyangu.

Wacha nianze mbali kidogo ndio mnielewe. Mimi nafanya kazi ya nywele Kitale, kwa saluni ya Mama Shiru, na masomo yangu yaliishia kidato cha pili, lakini ndoto sijawahi kuishiwa: leo najiona na saluni yangu yenye mapazia ya zambarau, kesho najiona niko redioni nikiombea watu asubuhi, sauti laini, Kenya nzima imenyamaza inanisikiliza. Aliyenilea ni Kukhu (ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu), na tangu nikiwa mdogo alikuwa akiniamsha saa kumi na moja asubuhi tupige magoti kando ya kitanda, mimi, yeye na babu. Babu alipofariki, nami nikahamia Kitale, Kukhu akabaki na asubuhi yake peke yake. Siku moja akaniambia kwa simu, kama mtu anayetaja habari za mvua tu, "Siku hizi naamka, naketi. Maneno hayaji nikiwa peke yangu."

Iliniuma sana. Nikampelekea simu yangu ya zamani, ile ya kioo kilichopasuka, nikamwahidi: kila siku saa kumi na moja, Kukhu, nitakutumia sauti yangu nikiomba, na wewe utaitika Amina.

Wiki ya kwanza niliomba kweli. Kitale asubuhi ni baridi ya kugonganisha meno, lakini niliamka, nikajifunga leso, nikaomba. Wiki ya pili watu wakaanza kusuka nywele za Krismasi, nikawa nafika nyumbani vidole vimevimba, na hapo ndipo nikafanya kale kauamuzi kadogo kalikonimaliza. Mchana mmoja saluni ikiwa imetulia, nilijificha nyuma ya pazia la kuoshea nywele nikarekodi maombi saba kwa mkupuo, Jumatatu mpaka Jumapili, kila rekodi nikaiandika siku yake. Nilijiona mjanja ajabu! Kutoka hapo alamu ikilia natoa mkono mmoja nje ya blanketi, nabonyeza, natuma, narudi kulala. Wiki ikiisha naanza upya. Miezi mitatu, bana. (Nilikuwa najiambia ati Mungu hana saa ya ukutani, maombi ni maombi.)

Kumbe kule Kabuchai mambo yanazidi kukua. Jirani mmoja alisikia, akaja na kiti chake. Akaja mwingine. Kufikia mwezi wa pili jiko la Kukhu lilikuwa linajaa akina mama kabla hakujakucha, simu imeegemezwa kwenye mkebe wa majani chai. Habari zikamfikia mchungaji wao, na Jumapili ya akina mama ilipokaribia Kukhu akanipigia, furaha imemkata pumzi: "Nasimiyu, wamesema wewe ndiye utaomba. Mbele ya kanisa! Nimewaambia mjukuu wangu hajakosa hata asubuhi moja."

Hapo ningesema ukweli. Badala yake nikasema, "Sawa, Kukhu," na kichwani tayari nilikuwa redioni.

Niliandika ombi jipya, kurasa mbili, lenye maneno mazito mazito ambayo mengine hata sikuwa na hakika nayo. Jumamosi nikapanda matatu, nikashuka stendi ya Kanduyi, nikanunua mkate na sukari, nikapanda bodaboda mpaka kwa Kukhu. Jumapili asubuhi akautazama mkoba wangu, akasema huo si wa kusimama nao mbele ya watu, akanipa wake mweusi wa kuendea harusi. Nikahamisha Biblia, nikahamisha kitambaa, nikahamisha mpaka peremende. Karatasi nikaiacha. Niligundua nikiwa tayari nimeshika maikrofoni.

"Tufumbe macho," nikasema. Nikayafumba, nikatafuta maneno, nikakuta giza tu. Mimi niliyetaka Kenya nzima inisikilize nilishindwa na mabenchi kumi! Kwa hiyo ulimi ukakimbilia ulikozoea. Rekodi yangu ya Jumatatu inaanza na mimi nikisafisha koo. Nikasafisha koo.

"Kh-khm!" kanisa likaitika.

Nikafungua jicho moja. Kukhu na wenzake wamejaza mabenchi manne ya mbele, macho wamefumba, mikono iko juu.

"Baba wa mbinguni," nikasema, "tumeamka tena..."

"Tumeamka tena kwa neema yako, si kwa nguvu zetu," wakaendelea pamoja nami, neno kwa neno, wakivuta pumzi pale pale ninapovuta. Mama mmoja wa benchi la kwanza akaninong'oneza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo ni ya Jumatatu. Leo ni Jumapili." Vijana wa nyuma wakaanza kujiziba midomo.

Na mimi nilijua kinachokuja. Katikati ya rekodi ile Mama Shiru alikuwa ameniita kuna mteja wa kukaushwa nywele, nami nikamjibu bila kuzima simu. Nikajaribu kuparuka hapo mbio mbio. Wao hawakuparuka. Waliinua mikono juu zaidi, wakanguruma: "Nakuja! Mwambie akae hapo!"

Mchungaji akashtuka, akageuka kutazama mlango. Akina mama wakasonga mbele bila mimi, wakaombea mashamba, wakaombea wagonjwa, wakaombea watoto walio mbali wakihangaika, mpaka mwisho wenyewe: "Amina. Mama Shiru, zima hiyo draya, bana."

Kanisa likapasuka. Vijana walianguka juu ya mabenchi, na mchungaji mwenyewe aliinama nyuma ya mimbari, mabega yakitikisika, akijifanya anatafuta kitu chini.

Baada ya ibada akina mama walinizunguka, hakuna hata mmoja aliyekasirika. "Hayo ya akae hapo," akasema yule wa benchi la kwanza, "sisi tulijua ni shetani unamwambia! Akae hapo hapo, asisogee. Mimi humwambia hivyo hata mbwa wa jirani, na anakaa!" Tulicheka mpaka nikatokwa machozi, na nikadhani mambo yamekwisha vizuri.

Kukhu hakuwa amecheka sana. Tulipofika nyumbani alichukua ungo wa majani ya kunde, akaanza kuchambua.

"Ulijua, Kukhu?" nikamuuliza.

"Mimi niliishia darasa la tatu, sikuishiwa masikio. Nani huyo anakaushwa nywele saa kumi na moja asubuhi, kila Jumatatu?"

"Na si ungeniambia?"

"Nilitaka kusikia sauti yako. Kurudiwa si kitu, hata kanisani tuna maneno tunayarudia kila wiki. Na yale yako yalinifungua mdomo, nikaanza kupata yangu tena." Akachagua jani, akalitupa. "Lakini ile Jumanne, Nasimiyu. Jumatatu yake nilikupigia nikakwambia goti linaniuma, hata kupiga magoti siwezi. Kulipokucha ukamshukuru Mungu kwa afya njema ya Kukhu. Nikaitika Amina. Nikasema labda Jumatano utalitaja. Ikaja Jumatano."

Ile aibu ya kanisani ilikuwa mchezo ukilinganisha na hii ya jikoni, watu wawili tu na kunde.

"Wala hukuuliza ni goti lipi," akaongeza, bila hasira, akanisogezea ungo nimsaidie.

"Ni lipi, Kukhu?"

"La kushoto."

Sitawadanganya kwamba siku hizi naamka kama askari. Kuna asubuhi blanketi linanishinda, na siku hiyo nampigia Kukhu mchana nimwambie limenishinda, anacheka, tunaomba hivyo hivyo yeye akiwa shambani na mimi nikiwa na kitana mkononi. Lakini kumtumia Mungu mabaki ya juzi kwa mkono mmoja, mimi basi. Nimekoma.

Jumatatu ile ya kwanza baada ya kurudi Kitale niliamka kabla alamu haijalia. Nikafuta zile rekodi moja moja, Jumapili mpaka Jumatatu, simu nikaifunika ndani ya sufuria ili isinishawishi. Halafu nikapiga magoti kwenye sementi baridi, bila leso, bila sauti ya redio, na maneno hayakuja, hayakuja kabisa, mpaka nikashika goti langu mwenyewe, la kushoto, nikaanzia hapo.