Watoto Kumi kwa Chupa Moja

Kusoma kwangu kuliishia darasa la pili, lakini kadi ya kliniki ya mwanangu kitindamimba niliijua vizuri. Visanduku vyote vilikuwa na mwandiko wa nesi, kimoja tu kilikuwa cheupe: cha chanjo ya surua. Akitimiza miezi tisa, nimpeleke.

Akatimiza, na kipindupindu kikaingia. Kliniki ya watoto ikafungwa, mabenchi tuliyokalia kina mama yakalaziwa wagonjwa, manesi wote wakahamishiwa kwenye dripu. Na huku kwetu Ganda surua ilikuwa imeshaanza. Nyumba yenye mgonjwa ilitundika tawi la mwarobaini mlangoni. Kila nikienda kisimani nilihesabu: jana mawili, leo matatu.

Sikutulia. Kila Jumanne nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda Malindi kwa miguu.

"Mtoto mzima, wamzungusha jua lote!" mavyaa, mama wa mume wangu, alinigombeza. "Kipindupindu wakifuata mwenyewe kwa miguu yako?"

Jumanne ya nne nesi alinitokea langoni, macho mekundu.

"Mama, dawa ipo kwenye friji. Lakini chupa moja ni ya watoto kumi, na ikishafunguliwa hailali. Siwezi kuifungua kwa mmoja."

"Na nikikuletea kumi?"

Akacheka. "Utawatoa wapi?"

"Wale wa kwenye benchi. Nawajua wote, majina yao na vilio vyao."

"Haya. Keshokutwa asubuhi, mlango wa nyuma. Nitachomoka kidogo."

Nikaanza kuzunguka jioni ile ile. Nilianza na wa mbali, kwani hao ndio wagumu kukubali. Mmoja alinitoa uani na mwiko mkononi. Ilibidi nimrudie mara mbili. Mwingine akaniuliza, "We dada, serikali imekuajiri lini?" Jirani yangu, ambaye ua wa makuti tu ndio uliotutenga, na tuliyejifungua naye wiki moja, nilimwacha mwisho. Huyu ni wangu, nilijiambia, huyu namwita hata nikiwa jikoni.

Jumatano alasiri nikafika kwake. Tawi lilikuwa mlangoni, bado bichi.

Sikuwahi kupiga hodi. Akatoka mwenyewe.

"Nasikia wapita nyumba kwa nyumba tangu jana," akasema. "Umeanza na nani?"



Alhamisi tulifika na watoto tisa. Nesi alihesabu, akahesabu tena, akanitazama, kisha akaifungua chupa hivyo hivyo. Mwanangu alichomwa wa kwanza, akalia, kisanduku kikaandikwa. Dawa ya mtoto mmoja ikabaki ndani ya chupa. Nilipomweleza nesi habari za jirani, aliniambia surua ilishamwingia mtoto yule siku nyingi. Hata ningeanza na yeye, isingesaidia kitu. Nilimwitikia tu.

Mtoto wa jirani alipona, ila jicho moja halikurudi kuona. Sasa ni mtu mzima. Akipita huniamkia, "Shikamoo mama," nami nasema marahaba huku nikitafuta cha kushika.

Majina ya watoto wale kumi hayajanitoka hata moja, kwa mpango ule ule niliowaendea. Nikikaa kupeta mchele huwapanga upya, nikamtanguliza yeye wa jirani, nikaenda hivyo mpaka wa kumi. Kisha naanza tena.