Nilipotumwa Kumchunguza Bibi

Leo nimejichua magoti kwa mafuta ya karafuu, na harufu yake imenirudisha kijijini Mchinga, kwa bibi yangu aliyejichua mafuta hayohayo na kuishi peke yake.

Mama alinipeleka huko likizo. "Umtazame vizuri," aliniambia. "Nasikia anaanguka. Kama kweli, tunamhamishia kwetu Lindi."

Bibi hakuniamini tangu siku ya kwanza. Nami nilimtilia shaka, maana kila baada ya sala ya alasiri alijifungia chumbani. Siku moja nikachungulia dirishani. Alikuwa anakaa kwenye kigoda na kuinuka bila kushika kitu, anakaa, anainuka, jasho linamtiririka. Mara akaanguka. Nikapiga kelele.

Alifungua mlango mwenyewe, kashika kiuno.

"Umetumwa, siyo?"

"Ndiyo, bibi."

Hakunigombeza. Alirudi kwenye kigoda, akakaa, akainuka tena, macho kwangu.

Mama alipokuja kunichukua, aliniuliza mbele ya bibi, "Haya, anaanguka?"

"Anainuka," nilijibu.

Mama alitutazama mmoja mmoja, kama mnunuzi anayekagua samaki wa jana. Kisha tukaondoka wawili, bibi akabaki kwake.