Nusu Saa ya Kuongea na Arusha

Mitumba ndiyo iliyotumaliza. Sweta la mtoto lililofumwa Ulaya lilimwagwa chini sokoni Githurai kwa bei ambayo sisi hatukuweza hata kununulia uzi. Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa na mashine za kufuma katika chumba cha kukodi huko Kamenu, Thika. Mimi na wengine wachache tuliunganisha mikono na kola nyumbani kwetu Gatongora, upande wa Ruiru. Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni, mashine zilifunikwa shuka na tukaanza kuzitafutia mnunuzi.

Tumaini letu la mwisho lilikuwa bwana mmoja wa Arusha aliyesambaza sare za shule. Sampuli zetu alizipenda, lakini alishawahi kuchezewa na dalali aliyejifanya ana wafumaji, kwa hiyo alitaka kuwasikia akina mama wenyewe, wote kwa pamoja. Aliniambia wazi kwamba angeamua siku hiyo hiyo jioni, na kwamba kuna kikundi kingine kilichokuwa kinasubiri. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, nikatumwa kutafuta njia ambayo mfuko wetu ungeiweza.

Nauli ya wote ilikuwa ndoto. Simu ya kimataifa ya Posta ilikuwa ya wenye pesa, tena ya sikio moja. Hoteli fulani mjini Thika ilikuwa na simu ya spika kwa ajili ya mikutano. Nilitajiwa bei nikashuka ngazi bila kuaga. Nikaishia kwa kijana mmoja aliyekuwa anachapa barua na kadi za harusi. Alikuwa na kompyuta ya kuongea kwa intaneti, na bwana wa Arusha naye alikuwa nayo ofisini.

"Madam, ziko mbili," kijana alinieleza. "Hii ya bei ya juu mnaongea tu kama watu. Hii ya cheap, ukitaka kuongea unafinya hapa. Ukiendelea kufinya, yule wa huko hasikiki. Na time ikiisha inajikata yenyewe."

Nilichukua nusu saa ya ile rahisi, nikarudi nyumbani najiona mjanja kweli.

Siku ilipofika tulibanana kwenye mabenchi ya yule kijana, tumevaa za kanisani. Laini ilikoroma weee, ikala sehemu ya nusu saa yetu, halafu ikashika. "Hamjambo akina mama?" sauti ya Arusha ikauliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote ya uzi, rangi na muda. Nilichosahau ni kwamba mkutano wetu haufunguliwi bila maombi, na maombi ni ya mwenyekiti.

"Tuombe," mwenyekiti akasema, akasimama. Akanionyesha kwa kidevu nifinye, ili mgeni naye asikie.

Nikafinya. Akamwombea mgeni na nyumba yake. Akaziombea mashine, moja baada ya nyingine. Akaombea wajane, mvua, serikali. Akamwombea kijana mwenye kompyuta apate mke mwema. Nilifungua jicho moja nikaona dakika zinavyoyeyuka kwenye skrini. Nilitaka kupiga mayowe. Lakini nani humkatiza mtu anayezungumza na Mungu, tena mwanamke aliyemzidi umri mama yako?

Ndipo nikakumbuka kidole changu. Nikikiinua, mgeni atasikika, naye ni mtu wa biashara. Atasema asante mama, sasa tuanze. Atatuokoa yeye, na mimi sitalaumiwa. Nikakiinua.

"Ndiyo, Bwana!" sauti ya Arusha ikajaa chumbani. "Pokea, Baba! Amina! Amina!"

Mwenyekiti aliposikia amepata mwenzake, nguvu zikamrudia upya. Akapandisha sauti, akaanza tena kwa wajane. Hapo nikalia. Mama aliyekuwa kando yangu alinishika bega, akidhani nimeguswa.

Kompyuta ikajikata. Kijana aliita mteja mwingine, na kupiga tena hatukuwa na uwezo. Baadaye nilikimbilia Posta na visarafu vilivyobaki, nikapiga na kupiga, laini ya Arusha ikakataa kushika, na jioni ile kazi ikaenda kwa wale wengine. Lakini hayo yalikuwa bado. Wakati ule mwenyekiti ndiyo kwanza alikuwa anafungua macho, anajipangusa jasho kwa leso, uso unang'aa kama wa bibi harusi.

"Haya, katibu," akaniambia, na wote wakanigeukia. "Mgeni amesemaje kuhusu kazi yetu?"

"Amesema amina," nikajibu.

Wakapiga vigelegele.