Vinanda vya Kartoni

Mimi ni mtu wa kinanda. Miaka mingi nimepiga kwenye arusi na kanisani, na vidole hivi ndivyo vilivyonilisha. Nilipochoka na arusi nikashika kazi ya kuwafundisha walimu wa muziki, wale watakaokwenda kufundisha watoto shuleni. Watu wanadhani ni kazi ya kupumzika. Thubutu! Nikikosea arusini, watu wanaendelea kucheza. Nikikosea mbele ya walimu kumi na wawili, kosa langu linapanda pikipiki, linafika hadi kijijini Kibumba, linaingia darasani kwa watoto sitini. Ndiyo maana usingizi wangu ni mwepesi.

Siku zile risasi zilipolia mjini kwetu, kinanda cha kituo chetu cha mafunzo kilitoweka, na hakuna aliyethubutu kuuliza kilikokwenda. Masomo yalikuwa yamekwisha kuanza. Basi nikaokota makartoni ya biskuti, nikatafuta rula na kalamu nyeusi, nikamchorea kila mmoja kinanda chake. Nililaza rula, nikachora mstari upande huu na upande ule, kibao kimoja tayari, nikaisogeza, nikachora kingine. Nilijisifu sana kwa akili hiyo. Kila asubuhi walibonyeza kartoni huku wakiziimba noti kwa mdomo, do, re, mi, nami nazunguka katikati yao nikimtafuta aliyelegeza mkono. Mimi mwenyewe sikukaa hata siku moja kupiga kartoni. Mwanamuziki mzima, nipige kartoni?

Aliyeshika kuliko wote alikuwa mama mmoja, mzaliwa wa milima ya Masisi, aliyefundisha darasa la pili huko Munigi. Shule yake ilimwahidi kazi ya kufundisha muziki madarasa yote, mradi apate cheti chetu. Asipopata, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Aliniambia hayo mara moja tu, lakini nilimwona akibonyeza kartoni hata wakati wenzake wanakula.

Mtihani ulikuwa siku ya Ijumaa. Jumanne, parokia moja ikatuazima kinanda cha kweli. Yule mama akaketi wa kwanza. Akaanza na do vizuri, akaruka kwenda sol, akaangukia la, noti inayofuata. Akajaribu tena, la ileile. Nikamkemea mbele ya wenzake. Nilimwambia vidole vyake vimezoea jembe, na kwamba mtu akiwa na haraka ya cheti asije kunipotezea muda. Aliinuka, akampisha mwingine. Huyo naye akaangukia la. Na wa tatu.

Hapo nikaanza kuzitilia shaka kartoni zangu. Walipoondoka nilichukua kartoni moja nikailaza juu ya kinanda, do juu ya do. Ole wangu! Do ya pili ya kartoni, ile ya mwisho wa ngazi, ilikuwa imeipita do ya kinanda na kufika kwenye mi inayofuata. Kila kibao nilikuwa nimekipa upana wa rula nzima, na kibao cha kinanda ni chembamba kuliko rula. Miezi yote ile niliwafundisha kutanua mkono kupita kiasi, na kwa sababu kartoni haina sauti, hakuna sikio lililotuonya.

Nilipaswa kusema kesho yake asubuhi. Sikusema. Niliogopa, sina neno lingine. Nilijiona nikifukuzwa, nikirudi kwenye arusi na umri huu, vijana wakinicheka. Nikajipa moyo kwamba siku mbili zingetosha. Jumatano na Alhamisi niliwakalisha kwenye kinanda kwa zamu, umeme ukija tunapiga, ukiondoka tunangoja, roho juu juu. Wengine walianza kujirekebisha. Yule mama alizidi kuharibika, maana yeye ndiye aliyekuwa ameishika kartoni vizuri kuliko wote.

Ijumaa inspekta akafika na faili lake, mtu mpole, na upole wake ukanitisha zaidi. Zamu ya mama ilipofika, akaweka mikono. La. Akaanza upya. La. Akaitoa mikono kwenye kinanda, akailaza mapajani, akaangalia chini. Inspekta akafungua kalamu.

Sijui nilisimamaje.

“Papa inspekta, usiandike. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewachorea vinanda vibaya.”

Nikaleta kartoni, nikaweka rula juu yake, nikamwonyesha. Hakuangalia kartoni sana, aliniangalia mimi. Kisha akasema mama atarudi kupiga tena baada ya majuma mawili, na kwamba habari zangu ataziandikia ripoti. Kama shule ya Munigi ingemngojea majuma hayo mawili, hakusema, na hakuna aliyeuliza.

Mama alinikuta uani, nimeegemea ukuta wa mawe meusi, jasho halijakauka.

“Mwalimu, ulijua toka siku gani?”

Nikamwambia toka Jumanne, walipokwisha kuondoka.

Alihesabu kwa vidole, polepole. “Mimi ile Jumanne nilifika ku nyumba, nikaambia bwana yangu kama muziki haiko ya watu kama sisi. Nikaambia na watoto.”

Nilitamani anitukane. Ningepumua. Hakunitukana. Alifunga kitenge chake vizuri, akaniuliza kesho tunaanza mazoezi saa ngapi.